Plastiki inayojipanga yenyewe

Printa ya 3D huchora umbo la nje. Mpangilio wa ndani, wa kipimo cha nanomita, hufanywa na kemia. Nchi inayotaka kunufaika na teknolojia hii haina budi kuwekeza kwa wakemia wake kama inavyowekeza katika mashine.

Vipande viwili vya plastiki vimetoka katika printa moja ya 3D. Mwanga uliotumika ni uleule, umbo ni lilelile, na kemikali karibu zote ni zilezile. Kimoja ni angavu, na ukikivuta kinastahimili. Cha pili kina ukungu mweupe na hukatika mapema. Tofauti yao imetokana na kiungo kidogo chenye atomu za salfa, kilichofungwa kwenye ncha za minyororo ya molekuli kabla ya kazi kuanza.

Ukungu huo una maelezo yake. Mwanga unaoonekana kwa macho una mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Plastiki ikiwa na mabaka ya ndani yanayokaribia au kuzidi kipimo hicho, mwanga hutawanyika na jicho huona weupe. Mabaka yakiwa madogo mno, ya nanomita 10 au 20 au 50, mwanga hupita. Kwa hiyo uangavu wa kipande cha kwanza ni dalili kwamba kama ndani yake kuna mabaka, basi ni madogo kuliko hadubini ya kawaida inavyoweza kuonyesha. Uthibitisho hutolewa na vipimo vya eksirei, na hadubini ya aina nyingine inayopapasa uso wa plastiki kwa ncha ya sindano nyembamba kupindukia.

Mwaka 2022, kundi la Profesa Cyrille Boyer wa Chuo Kikuu cha New South Wales, jijini Sydney, wakiwemo Valentin Bobrin na Nathaniel Corrigan, lilieleza katika jarida la Nature Communications jinsi ya kuchapa vitu vya aina ya kile kipande cha kwanza. Umbo la nje, lenye ukubwa wa kushikika mkononi, hupangwa na kompyuta. Mpangilio wa ndani, wa makumi ya nanomita, hupangwa na mtaalamu anapochagua urefu wa minyororo na kiasi cha kila kiambato. Yote mawili hutokea kwa pamoja, katika mashine ya kawaida, ndani ya chombo kimoja cha kimiminika.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, tuangalie vipimo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Printa ya 3D inayotumia resini huchapa matabaka ambayo kila moja lina unene wa nanomita 50,000 hivi. Inawezekanaje mashine yenye kipimo hicho kutoa kitu ambacho mpangilio wake wa ndani una upana wa nanomita 20?

Mwanga unaogandisha resini

Uchapaji wa 3D kwa mwanga una umri wa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1981, Hideo Kodama wa Nagoya, Japani, alichapisha maelezo ya namna ya kujenga umbo tabaka kwa tabaka kwa kugandisha polima kwa mwanga. Nchini Marekani, Charles Hull alikuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotumia taa za urujuanimno kugandisha matabaka ya plastiki yanayofunika samani. Mwaka 1983 alichapa kikombe kidogo cha kuoshea macho, na mwaka 1986 alipata hataza ya njia yake na kuanzisha kampuni ya 3D Systems.

Msingi wa njia hiyo haujabadilika. Resini ni kimiminika chenye molekuli ndogo ziitwazo monoma, pamoja na kemikali inayovunjika inapopigwa na mwanga. Kemikali hiyo ikivunjika, vipande vyake huanzisha mfululizo wa monoma kushikana na kuwa minyororo mirefu, yaani polima. Pale mwanga ulipopiga, kimiminika huganda. Sahani inayobeba kazi husogea kidogo, mwanga hupiga tena, tabaka jipya huganda juu ya lililotangulia. Leo maganda ya vifaa vya kusaidia kusikia, yanayotengenezwa kufuata tundu la sikio la mgonjwa mmojammoja, hutengenezwa kwa wingi kwa njia hii. Madaktari wa meno nao huitumia kuchapa vielelezo vya taya.

Wapo walioamua kuufuata udogo kwa mwanga wenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Osaka, wakiongozwa na Satoshi Kawata, walichonga kwa leza sanamu ya fahali yenye urefu wa maikromita 10, ukubwa unaokaribia ule wa seli nyekundu ya damu. Mistari yao ilifikia unene wa nanomita 120 hivi. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini leza hiyo hupita nukta kwa nukta. Ukitaka kitu cha ukubwa wa kiganja, utasubiri sana.

Njia ya Sydney inaliacha lengo hilo. Mwanga unaachiwa kazi unayoiweza, ya kuchora umbo la nje. Kazi ya ndani wanapewa wafanyakazi walio wadogo kiasi cha kuiweza, nao ni minyororo ya polima yenyewe.

Mbuzi wawili, kamba moja

Polima za aina mbili tofauti ni nadra kukubali kuchanganyika. Ukiziyeyusha pamoja, kila moja huzitafuta za aina yake, na baada ya muda utapata mabaka makubwa ya hii na mabaka makubwa ya ile. Mahali yanapokutana ndipo penye udhaifu, na ndipo plastiki hupasukia.

Lakini je, ikiwa mnyororo wa aina ya kwanza umeungwa ncha kwa ncha na mnyororo wa aina ya pili? Hapo ni sawa na mbuzi wawili waliofungwa kwa kamba moja. Kila mmoja anataka malisho yake, wanavutana, lakini hakuna anayeweza kwenda mbali kuliko kamba inavyoruhusu. Mabaka hutokea, ila hayawezi kukua kupita urefu wa minyororo. Na kwa kuwa urefu huo ni wa nanomita chache hadi makumi ya nanomita, mabaka nayo huwa ya kipimo hichohicho. Anayeamua urefu wa kamba ndiye anayeamua ukubwa wa mabaka.

Kanuni hii haikuzaliwa jana. Mwaka 1956 Michael Szwarc, mkemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi Syracuse, Marekani, alionyesha jinsi ya kukuza minyororo ambayo ncha zake hubaki hai, tayari kupokea monoma ya aina nyingine. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Shell ilileta sokoni mpira uitwao Kraton, ambao kila mnyororo wake una sehemu ngumu kwenye ncha zote mbili na sehemu laini katikati. Sehemu ngumu hukusanyika katika mabaka ya kipimo cha nanomita na kuzishikilia zile laini zisiteleze. Mpira wa jamii hiyo umetumika sana katika soli za viatu. Kwa maneno mengine, watu wengi wamekwisha kuukanyaga mpangilio wa nanomita bila kujua.

Tatizo lilikuwa kwamba kemia ya Szwarc ni ya masharti makali. Unyevu kidogo au hewa kidogo huua ncha zilizo hai. Kemia ya namna hiyo huwezi kuimimina katika chombo cha printa kilicho wazi mezani.

Zamu za salfa

Suluhisho lilitoka Melbourne, katika shirika la utafiti la serikali ya Australia, CSIRO. Mwaka 1998 Graeme Moad, Ezio Rizzardo na San Thang pamoja na wenzao walichapisha njia waliyoiita RAFT. Rizzardo alizaliwa Italia. San Thang alizaliwa Saigon, akasoma kemia huko, kisha akaikimbia Vietnam baada ya vita. Alipitia Malaysia na kuwasili Brisbane mwaka 1979 akiwa mkimbizi. Baadaye alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Griffith.

Katika utengenezaji wa kawaida wa plastiki, mnyororo mmoja huanza, hukua kwa kasi, hufa, kisha mwingine huanza. Mwishoni unapata mirefu na mifupi kwa bahati nasibu. RAFT huweka kiungo chenye salfa ambacho huhama kutoka ncha ya mnyororo mmoja kwenda ya mwingine, na kwa kuhama huko huigawia minyororo zamu za kukua. Matokeo yake minyororo hukua kwa pamoja na kufikia urefu unaokaribiana. Zaidi ya hapo, kazi ikisimama kiungo hubaki kwenye ncha. Kesho ukiongeza monoma nyingine, mnyororo huendelea kutoka pale ulipoishia, na kamba ya mbuzi wetu inapatikana. Haya yote hufanyika kwa monoma za kawaida, bila masharti makali yale ya Szwarc.

Mwaka 2014 wanasayansi hao watatu walitajwa na kampuni ya Thomson Reuters miongoni mwa wanaoweza kupata tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka huohuo ajira ya San Thang katika CSIRO iliondolewa katika upunguzaji wa wafanyakazi. Alihamia Chuo Kikuu cha Monash, na mwaka 2018 Australia ilimpa nishani yake ya juu. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Hata taifa tajiri linaweza kumwacha mtu ambaye kazi yake inatumika katika maabara duniani kote, kwa sababu tu matunda ya kemia huchelewa kuonekana katika hesabu za mwaka mmoja wa bajeti.

Minnesota hadi Sydney

Hatua iliyofuata ilichukuliwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwaka 2012 Myungeun Seo na Marc Hillmyer walieleza katika jarida la Science wazo lenye ujasiri. Badala ya kutengeneza kwanza minyororo iliyoungwa ncha kwa ncha na kuiacha ijipange baadaye, waliacha mpangilio utokee huku polima ikiwa bado inazaliwa. Walichukua minyororo ya polilaktidi, plastiki inayoweza kutokana na mazao kama mahindi, yenye kiungo cha RAFT kwenye ncha. Wakaiyeyusha katika monoma, zikiwemo zile zenye mikono miwili ambazo huunganisha mnyororo na mnyororo. Mnyororo mpya ulipoanza kuota kwenye ncha ya ule wa zamani na kurefuka, pande mbili zilianza kukataana. Lakini kabla hazijafika mbali, ile mikono miwili ilikuwa imekwisha kufunga kila kitu mahali pake. Kisha wakaiondoa polilaktidi kwa kemikali, wakabaki na plastiki imara yenye vinjia vilivyounganika vya upana wa nanomita 4 hadi 8.

Kundi la Boyer lilikuwa limejikita katika kuifanya RAFT iitikie mwanga. Katika moja ya kazi zao walitumia klorofili iliyotolewa katika majani ya spinachi ili mwanga uendeshe ukuaji wa minyororo. Mwaka 2019 walionyesha kwamba RAFT inayoongozwa na mwanga inaweza kutumika katika printa ya 3D. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha wazo la Minnesota na printa hiyo.

Resini yao ya mwaka 2022 ina minyororo laini iliyotayarishwa mapema, yenye kiungo cha RAFT, ikiwa imeyeyushwa katika asidi ya akriliki pamoja na monoma ya mikono miwili. Mwanga ukipiga tabaka, sehemu ngumu huota kwenye ncha za sehemu laini, pande mbili hutengana kwa nanomita kadhaa, na mtandao hufunga. Ukitumia minyororo laini mirefu zaidi, mabaka huwa makubwa zaidi. Ukiongeza kiasi chake, mabaka ya duara yaliyotawanyika hugeuka kuwa njia mbili zilizopitana, moja ngumu na moja laini, kila moja ikiwa imeungana toka upande mmoja wa kitu hadi wa pili. Ugumu, unyumbufu na uwezo wa kunyonya maji hubadilika kwa kufuata mpangilio huo. Printa haijabadilishwa hata skrubu moja.

Faida iko wapi

Njia mbili zilizopitana ndizo zenye hazina. Chukua betri. Ndani yake kuna kitu kinachopitisha ayoni kati ya ncha hasi na chanya, na mara nyingi ni kimiminika kinachoweza kuwaka. Wahandisi wangependa kukibadilisha kwa kitu kigumu, lakini hugongana na mkinzano wa siku nyingi: polima laini hupitisha ayoni vizuri ila ni dhaifu, na iliyo imara huzizuia. Plastiki yenye njia mbili huugawanya mzigo. Njia ngumu hubeba uzito, njia laini hupitisha ayoni. Kundi hilohilo la Sydney limechapa kitu cha namna hiyo, na ili kuonyesha kwamba umbo lolote linawezekana, walikichapa katika umbo la ramani ya Australia na kukijaribu kama kifaa cha kuhifadhi umeme.

Chukua pia maji. Bakteria wengi wana upana wa nanomita mia kadhaa au zaidi, na virusi vingi viko kati ya nanomita 20 na 300. Kiwambo chenye vinjia vya nanomita 4 hadi 8, kama vile vya Minnesota, kikiwa hakina ufa, kina udogo wa kuvizuia vyote. Madini yaliyoyeyuka kama floraidi hayazuiwi na udogo huo; hayo yanahitaji kuta za vinjia zipewe kemikali za kuyashika, na kemia ya polima inaruhusu hilo kwa kubadilisha monoma.

Hata hivyo kazi nyingi za aina hii bado ziko maabara, na kuna vikwazo vya kweli. Kemikali za RAFT ni ghali kuliko viambato vya resini ya kawaida, nyingi zina rangi ya njano, na zinaweza kupunguza kasi ya kuganda, jambo linalorefusha muda wa kuchapa. Resini isiyoganda huwasha ngozi na haifai kumwagwa katika mtaro. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba plastiki iliyofungwa kwa mikono miwili haiyeyuki tena kwa joto, kwa hiyo huwezi kuikusanya na kuitengeneza upya kama chupa. Nchi zilizopiga marufuku mifuko ya plastiki, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, zina haki ya kuuliza mwisho wa plastiki hii mpya ni wapi kabla haijawa nyingi.

Somo kwa Afrika Mashariki

Kwetu uchapaji wa 3D si jambo geni. Jijini Nairobi kampuni ya AB3D imeunda printa kwa kutumia sehemu za vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa. Dar es Salaam, mradi wa ReFab Dar ulichunguza uwezekano wa kugeuza taka za plastiki kuwa uzi wa kuchapia. Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, Uganda, imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kuchapa sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu, ili mgonjwa asubiri kwa muda mfupi. Hizi ni kazi za heshima, na nyingi zinatumia uzi wa plastiki ulio tayari.

Lakini tazama thamani ilipo katika habari hii yote. Mashine iliyotumika ni ya aina ambayo leo hata mtu binafsi anaweza kununua ndogo yake kwa dola mia chache. Anayeuza mashine huuza mara moja; anayeuza resini huuza kila unapochapa. Maarifa yaliyogeuza resini ya kawaida kuwa plastiki ya nanomita yalitoka kwa wakemia, katika maabara za umma na vyuo vikuu, kwa kupokezana kazi tangu Szwarc mwaka 1956. Serikali inayonunua printa kumi na kuzigawa shuleni bila kuajiri mwalimu wa kemia imenunua mashine za kuchapa midoli.

Na hatuanzi bila kitu. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Chujio lake la maji, linalounganisha mchanga na nanoteknolojia, lilimpa mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alianza na tatizo la kwao, maji yenye vijidudu na floraidi, akalitafutia jibu katika kemia. Kijana anayesoma kemia leo Morogoro, Eldoret au Mbarara anaweza kuifuata njia hiyo, iwapo atapata maabara yenye kemikali, mwalimu mwenye muda, na fedha ya utafiti isiyokatika katikati ya mradi.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti za elimu ya juu katika ukanda wetu ni hili: kwa kila shilingi ya kununulia printa, tengeni nyingine ya kumsomesha mtu atakayeweza kutengeneza kile kinachomiminwa ndani yake. Wanafunzi nao wasiikimbie kemia kwa kuiona ni somo la kukariri. Plastiki nyingi za miaka ijayo zitachapwa, na watakaozimiliki ni wale wanaojua kuandaa resini.